Mashine Zilizoninyamazia

Karibu maisha yangu yote ya ufundi niliamini kwamba mashine zina haya. Sisemi kwa mafumbo. Niliamini, kama ninavyoamini kwamba mvua hutoka juu, kuwa ruta ya intaneti inayopiga mluzi nyumbani kwa mtu, ikimwona fundi aliyebobea, hunyamaza papo hapo, kama mtoto mtundu aliyesikia viatu vya baba yake barazani. Ikimwona fundi mbumbumbu, inaendelea kulia, tena inapandisha sauti kwa dharau.

Msinicheke bado. Maneno hayo niliyapokea kwa mtu niliyemheshimu, nikayafanyia kazi, na nyumba baada ya nyumba, kutoka Kongowe hadi Vihingo, mashine zilininyamazia. Nyinyi mliobaki kazini mmeniomba niandike niliyoyaona kabla kichwa hakijaanza kuvuja. Vyeo sina vya kuwasimulia, na mshahara tuliulalamikia pamoja, mnaujua. Nitaandika kuhusu mluzi.

Nilianza kama mchimba mitaro ya nyaya, hapa hapa Kibaha. Mchana nilichimba, jioni nilikwenda kusoma masomo ya watu wazima katika shule ya msingi, tukikalia madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Nilikuwa na misuli ya kuinua trekta na hesabu za kuhesabu vidole. Siku mwalimu wa fizikia aliposema kwamba umeme ukipita kwenye waya uliozungushwa huufanya ule waya utikisike, na kwamba kitu kinachotikisika upesi hutoa sauti, nilirudi nyumbani sisemi na mtu. Mke wangu alidhani nimefiwa. Nilikuwa nimefukia kilomita na kilomita za nyaya kwa mikono yangu, na hakuna hata siku moja niliyofikiri kwamba zinaweza kuimba.

Ofisini wakasikia kwamba mchimba mitaro anasoma, wakanitoa mtaroni na kunikabidhi kwa Mzee Pazi. Huyu alikuwa fundi wa tangu enzi za simu za mezani, mfupi, mkavu, masikio yamesimama kama mikono ya sufuria. Alivaa koti hata jua likiwa la kukaanga yai juu ya bati. Ndani ya koti alikuwa na chombo chake kikuu: kipande cha mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani, urefu wa mkono.

Siku ya kwanza alinipeleka kwenye ofisi moja pale Maili Moja. Wafanyakazi walikuwa wanaumwa vichwa. Walisema kuna kitu kinalia, kinaanza asubuhi na hakinyamazi mpaka wafunge. Mimi niliinama mbele ya ruta, nikatazama.

"Mzee, sioni tatizo. Taa zote za kijani."

"Nani kakwambia utumie macho? Shika huu mpira. Ncha moja sikioni, ncha nyingine itembeze. Usiguse kitu mpaka usikie."

Nikautembeza. Kwenye ruta, kimya. Kwenye nyaya, kimya. Nilipofika kwenye adapta, kile kijisanduku cheusi kinachokaa kwenye soketi, ambacho watu hukipiga teke wakideki, nusura niutupe mpira. Ndani yake kulikuwa na mtu anaimba! Sauti nyembamba, kali, ndefu, isiyovuta pumzi. Nimesikia kwaya na kaswida na ngoma za harusi, lakini sijapata kusikia mwimbaji asiyepumua. Nilipiga magoti pale sakafuni, mbele ya wahasibu, mdomo wazi.

"Hiyo ni koili, ule waya uliozungushwa," akasema Mzee Pazi. "Imelegea kidogo, umeme unaitikisa. Badilisha adapta, hawa watu wapone vichwa."

Tukabadilisha, wakapona. Nikamuuliza mbona haikutuogopa, maana njiani alikuwa amenifundisha ile elimu yake ya haya. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mashine za ofisini hazina adabu. Zimezoea kukaa na mabosi. Ngoja twende majumbani, ndiko utakakoona mashine iliyolelewa."

Na majumbani nikaona. Wiki ile ile tulikwenda Kongowe, kwa familia iliyosadiki kwamba ndani ya ruta kuna nyenje. Walikuwa wameipulizia dawa ya mbu kopo zima, wakafunga milango, wakahamia uani mpaka jioni. Waliporudi, nyenje alikuwa mzima wa afya. Tulipofika barazani Mzee Pazi akanishika bega.

"Sasa kohoa."

"Nikohoe?"

"Kohoa kama mtu mwenye kazi yake. Mashine ijue nani kaja. Halafu ndio upige hodi."

Nikakohoa, nikapiga hodi. Ndani wakaitikia, "Karibuni! Subirini kidogo tu!" Tukasikia viti vinasogezwa, watoto wanafukuzwa, mtu anapita mbio. Tukafunguliwa, tukakalishwa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, feni ikageuziwa kwetu, tukaletewa juisi ya ukwaju. Na nyumba nzima, kimya. Mama mwenye nyumba alisimama katikati ya sebule ameshika kiuno.

"Wallahi fundi, sasa hivi tu ilikuwa inalia! Sasa hivi, kabla hamjaingia!"

Mzee Pazi akanywa juisi yake taratibu, akaniangalia kwa pembe ya jicho. Nywele zilinisimama. Hata zile ambazo sikuwa nazo zilisimama.

Tangu siku hiyo nilikohoa kwenye milango yote ya Kibaha na Kisarawe. Mzee Pazi alipostaafu aliniachia ule mpira, na nadhani aliniachia na ile heshima pia. Sikunyamaziwa kila mahali. Ofisini, madukani, kwenye maghala, mashine zilinililia usoni bila aibu, na hapo ndipo nilipojifunza kazi yenyewe. Nawaachia kidogo kati ya niliyojifunza.

Sauti nyembamba haina adabu ya kukaa mahali pamoja. Inagonga ukuta wa saruji, inagonga bati, inarudi. Ukigeuza kichwa inahama, na wewe unaapa kwamba iko dirishani wakati iko miguuni pako. Kwa hiyo msiyaamini masikio mawili kwa pamoja. Zibeni moja, lipeni mpira lile jingine. Mara nyingi sana ruta yenyewe haina kosa, anayelia ni adapta, na mara nyingi adapta hiyo si ile iliyokuja na kifaa. Ya kwanza iliungua, mtu akachukua yoyote iliyoingia kwenye tundu. Kuingia kwenye tundu si kufaa. Someni maandishi yake madogo: volti ziwe sawasawa na zinazotakiwa, ampia zisipungue. Ikiwa na joto la kuivisha kiazi, iondoeni. Msiifungue, hata kama mna bisibisi nzuri kuliko zote Tanzania, maana ndani yake umeme hukaa hata baada ya kuchomolewa. Na kama hamjui nani analia, chomoeni kimoja kimoja mpaka pawe kimya. Ni njia ya kijinga na haijawahi kunidanganya.

Lakini majumbani hiyo njia sikuwa naitumia, maana nilikuta kimya tayari. Huwezi kumpiga sindano mgonjwa aliyekwishavaa viatu. Nilikuwa naangalia angalia nyaya, nafuta vumbi, nakunywa soda yangu, naondoka na sifa. Wakipiga simu kesho yake kwamba inalia tena, nawaambia imenikumbuka. Walicheka. Mimi nilikuwa sitanii. Nilikuwa napita barabarani nikitazama mapaa ya watu kwa hofu na shukrani, nikiwaza kwamba chini ya kila bati kuna kitu kidogo cha shaba na plastiki kinachonijua.

Sasa niwaeleze habari ya kijiji cha Kurui, iliyotokea karibu na mwisho wa kazi yangu.

Nyumba ilikuwa ya Mwalimu Mwanaidi, kwenye kilima kidogo kilichozungukwa na mikorosho, akiishi na mama yake, Bi Tatu. Mwanaidi alifundisha kusoma Kurani kwa njia ya mtandao. Wanafunzi wake walikuwa wasichana wa miji ya mbali, kila mmoja na simu yake mbele ya uso, na yeye anawasahihisha matamshi akiwa chumbani kwake. Mtandao wa simu huko hushika kwa kusuasua, ndiyo maana tulimfungia dishi juu ya nguzo na ruta sebuleni.

Alipiga simu ofisini akisema kuna mluzi ndani ya nyumba na hawezi kufundisha. Nikaenda. Barazani nikakohoa, nikapiga hodi.

"Karibu! Kaa hapo barazani kidogo, baba, tunakuja!" Baadaye nikaingia. Bi Tatu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, sauti kama ya mnada.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Wa kwako hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Mwana! Hiyo feni mgeuzie mgeni vizuri, huyu katoka mbali, jasho linamtoka kama kaogeshwa."

Feni ikageuzwa. Waya wake ulipita sakafuni, ukaingia chini ya pazia linaloelekea vyumbani. Nilisikiliza. Kimya. Nikatabasamu kama bwana harusi.

Mwanaidi alikuwa hatabasamu. Alinieleza kwa upole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Alikuwa na msichana mmoja Songea, jina lake Salha, anayejiandaa kwa mashindano ya kusoma. Katika usomaji kuna herufi za mluzi: sini, sadi, zai. Sauti zake ziko juu, nyembamba, na tofauti ya sini na sadi ni ndogo, lakini hubadilisha neno. Salha alikuwa anazichanganya. Na ile kelele ndani ya nyumba ilikaa palepale zinapokaa herufi hizo, ikazifunika.

"Nasikia sauti yake yote, fundi, isipokuwa mahali ninapomhitaji. Nimeweka spika za masikioni, bado inapenya. Na yeye huko anaisikia, inapita kwenye simu."

"Usijali, Mwalimu. Imeshanyamaza. Imeniona."

"Imekuona?"

"Ndiyo. Tunafahamiana."

Nikafuta vumbi kwenye ruta, nikapima mtandao kwa simu yangu, ukawa mzuri, nikaondoka. Kesho yake akapiga simu. Inalia. Nikaenda tena, nikakohoa, nikasubiri, nikapulizwa na feni, kimya. Nikabadilisha adapta ya ruta, ingawa haikuwa na kosa, ili Mwalimu aone nimefanya kitu. Akapiga tena. Safari ya tatu ikawa vilevile, ila sasa Bi Tatu alikuwa amenizoea.

"Wewe fundi, au unapenda mihogo yetu?"

"Naipenda, mama, lakini kazi kwanza."

"Kazi gani? Mbona kila ukija unakaa tu na upepo?"

Nilicheka. Mwanaidi hakucheka. Alinisindikiza mpaka barazani, akasema taratibu kwamba wazazi wa Salha wamempa mpaka Jumamosi ya mashindano kuzinyoosha herufi hizo, na kwamba yule mtoto amehifadhi Kurani kwa miaka, akifundishwa na yeye peke yake. "Akikosea sadi mbele ya watu, si yeye aliyekosea. Ni mimi ambaye sikumsikia." Neno hilo lilinikaa kifuani njia nzima ya kurudi. Kwa mara ya kwanza nilitamani mashine inionyeshe dharau kidogo, nipate kuishika.

Alhamisi nikarudi bila kuitwa. Nikakohoa barazani.

"Nani huyo anakohoa kama mbuzi?" Bi Tatu akaita kutoka ndani. "Aah, fundi! Pita, baba, pita tu, unasubiri nini huko nje?"

Nikasukuma mlango, nikaingia. Na ikanipokea. Ule mluzi! Ulikuwa umejaa nyumba kutoka sakafuni hadi kwenye bati, mwembamba kama sindano, mrefu kama barabara ya Morogoro. Kijiko kwenye kikombe kilikuwa karibu kucheza. Nikakohoa. Ukaendelea. Nikakohoa kwa sauti zaidi, kama mtu mwenye kazi yake. Ukaendelea.

"Una kifua?" akauliza Bi Tatu. "Mwana! Akimaliza mtoto, mtilie fundi tangawizi."

Lakini Mwanaidi alikuwa chumbani, anafundisha. Nilimsikia kupitia pazia. "Rudia, mwanangu. Hapana. Rudia tena. Umesema sini au sadi? Sikusikia. Rudia." Na sauti ya msichana, mbali, nzuri ajabu, ikirudia. Mimi sikusikia tofauti yoyote kati ya kosa na sahihi, na nikashikwa na woga wa heshima, kwamba kuna binadamu ambaye sikio lake linaweza kupita katikati ya herufi mbili kama uzi kwenye tundu la sindano, na mimi nimekuja kwake mara tatu kunywa soda.

Akatoka, macho mekundu. "Fundi. Keshokutwa mtoto anasimama mbele ya watu, na mimi sijui anasema nini."

Nikatoa mpira wa Mzee Pazi.

Jasho lilikuwa linanichuruzika machoni, maana siku hiyo sebule ilikuwa tanuri. Nikaziba sikio moja. Kwenye ruta: kimya kama kaburi. Kwenye adapta niliyoibadilisha bure: kimya. Kwenye waya wa dishi: kimya. Nikatembea kwa hatua za kinyonga nikifuata sauti inayogonga bati na kurudi, nikafika kwenye pazia la vyumbani, nikasimama. Mgeni wa kiume havuki pale.

"Vuka tu," akasema Bi Tatu. "Unamwogopa nani?"

Nyuma ya pazia kulikuwa na ukumbi mwembamba. Chini, ekstensheni yenye matundu matatu. Moja lilikuwa la friji, jingine la waya wa kurefusha, uliopita chini ya pazia kwenda kwenye adapta ya ruta sebuleni. La tatu lilikuwa na adapta, na waya wa adapta ulipanda ukutani hadi kwenye busta, kile kifaa kinachochukua waifai ya sebuleni na kuisukuma vyumbani. Kaka yake Mwanaidi alikuwa ameileta kutoka Dar na kuichomeka mwenyewe. Nikasogeza mpira.

Mbu elfu moja waliosomea kwaya!

Nikaichomoa. Sijui niseme nini kuhusu kimya kile. Nimekaa kwenye vimya vingi vilivyonipa sifa, lakini hiki nilikisikia kikiingia. Kuku nje wakasikika. Jani la mkorosho likasikika likianguka, na yeyote anayesema nimeongeza chumvi hakuwepo. Mwanaidi alisimama kizingitini amefumba macho.

Nikasoma maandishi ya ile adapta. Ilikuwa ya kifaa kingine kabisa, ampia zake nusu ya zinazotakiwa. Maskini, ilikuwa inabeba mzigo wa wawili na kulia. Nilikuwa na inayofaa kwenye begi. Nikaichomeka, busta ikawaka, nikaweka mpira: kimya. Mwanaidi akarudi chumbani, akampigia msichana.

"Salha, mama. Rudia pale pale."

Akarudia. Na nyinyi mnajua mimi si msomaji, nilisoma jioni kwenye madawati ya watoto, lakini safari hii hata mimi nilisikia: neno moja likitoka jembamba, na jingine likitoka limejaa, zito, kama mdomo umebeba kitu. "Hilo la pili ndilo," akasema Mwanaidi. "Umeiona tofauti yake? Sasa rudia mpaka uchoke." Wakaendelea mpaka alasiri. Jumamosi Salha alisimama, akasoma, mwalimu wake akisikiliza kupitia simu. Nafasi aliyopata waulizeni wenyewe. Mwanaidi aliniambia jambo moja tu, kwamba sadi zote zilikuwa sadi.

Lakini siku ile ya Alhamisi, nikikunja vyombo vyangu, nilikuwa na swali rohoni. Nikachuchumaa mbele ya Bi Tatu, aliyekuwa anamenya muhogo.

"Mama, nisaidie. Mara zote nilizokuja hapa, hii mashine ilininyamazia. Na si hapa tu, majumba mengi. Ni heshima niliyopewa tangu kwa Mzee Pazi. Leo imenililia usoni. Nimeikosea nini?"

Bi Tatu akaacha kisu. Akaniangalia, akaangalia shati langu lililolowa, kisha akaelekeza kidole kwenye pazia, na kwenye pembe ya ukumbi ambako feni ilikuwa imesimama, waya wake umeviringishwa shingoni.

"Heshima gani, baba? Matundu yenyewe matatu. Ukikohoa huko nje, tunachomoa hicho kidude tupate pa kuchomeka feni ya mgeni. Leo hatukuchomoa kitu, maana wewe si mgeni tena."